Nilivyouzwa kwa Pakiti ya Kahawa

Nilikwenda Irving harusini na kinyongo changu cha zamani, nikarudi Houston na kipya. Kile cha zamani nilishakizoea, rafiki yangu, kama mtu anavyozoea goti linalomuuma wakati wa baridi. Hiki kipya sijui nikiweke wapi, maana mwenye kulaumiwa siwezi hata kumpigia simu.

Harusi ilikuwa ya binti wa dereva teksi wa mtaani kwetu zamani. Ukumbini kina mama walikuwa wamechangamka, taarabu imepandishwa mpaka vikombe vinatikisika, nami nikatoka kufuata chaja ya simu garini. Nyuma ya ukumbi, karibu na mlango wa jikoni, wanaume walikuwa wamejipangia viti vya plastiki. Katikati yao kulikuwa na birika la kahawa, na simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji, ndani yake watu wanateleza na magongo juu ya barafu. Kijana mmoja mwenye kanzu alikuwa amesimama, mikono juu.

"Wafungwe tu! Mimi nasema tu-lose mpaka season iishe, tupate draft pick ya maana. Captain auzwe, mabeki wazee wauzwe, tu-rebuild kuanzia chini."

"Ukimuuza captain," mwenzake akamkatiza, "hao watoto wa miaka kumi na minane nani atawafundisha? Wewe?"

Wakacheka, wakabishana, wakapandishiana sauti. Halafu nikasikia sauti nyingine, ya taratibu, ya kizee, ya mtu wa Mombasa. "Mchezaji mwaminifu hauzwi, wanangu. Nyumba haijengwi kwa kung'oa nguzo."

Nilisimama na ufunguo wa gari mkononi. Sauti ile niliijua kabla sijaiona sura yake. Mtu yule aliniuza mimi, mtoto wa miaka kumi na moja, mbele ya watu, huku wanacheka, akapewa mtoto mwingine na pakiti ya kahawa juu yake. Na leo amekaa kwenye kiti cha plastiki anahubiri maneno yaleyale! Ngoja nikueleze tangu mwanzo, uone mwenyewe kama hasira yangu ilikuwa na haki.

Tulikaa katika nyumba za kupanga za ghorofa mbili, upande ule wa Irving, Texas, ambako ndege hushuka chini chini mpaka unaona magurudumu yake. Baba na mama walifanya kazi hotelini, zamu zao hazikupatana kamwe, kwa hiyo aliyenilea hasa ni bibi. Bibi alikuja Marekani na sanduku moja, na ndani yake mlikuwa na kanga nyingi kuliko nguo nyingine zote. Buni aliikaanga mwenyewe jikoni. King'ora cha moshi kikilia, yeye alikipepea kwa ncha ya kanga akisema, "Kelele! Hata wewe unataka kikombe?" Harufu ya buni na tangawizi ilishuka ngazi, ikazunguka uani, na wanaume waliotoka kazini wakajikuta wanaifuata.

Ndivyo baraza letu lilivyoanza. Chini ya ngazi zetu waliweka kochi ambalo mtu alilitupa karibu na jalala, wakatandika mkeka, na jirani wa mlango wa pili akaigeuza televisheni yake ikaangalia nje dirishani. Yaani ndani kwake ungeona mgongo wa televisheni tu, na nyaya. Wenye nyumba walibandika tangazo kwamba ni marufuku kukusanyika ngazini. Mrundi wa ghorofa ya juu, aliyefanya kazi ghalani na kushuka na rozari yake mfukoni, alilisoma tangazo lile kwa sauti, kisha akalitumia kuwekea kashata.

Jirani wa mlango wa pili, yule mwenye televisheni, ndiye aliyetuletea mpira wa magongo wa barafuni. Kabla yake sisi tulikuwa watu wa soka kama binadamu wengine. Lakini alikuwa amefutwa kazi kule uwanja wa ndege, mkewe naye akakataa kutoka Mombasa kuja kwenye nchi ambayo mume hana kazi, na katika kuhangaika kwake akapata kibarua kwenye uwanja wa barafu wa mtaa. Kazi yake ilikuwa kuendesha ile mashine kubwa inayolainisha barafu. Basi mtu wa pwani, aliyekulia kwenye joto, akawa anapiga pasi barafu siku nzima. Alirudi jioni na makoti mawili mkononi, nje kuna joto la kukaanga yai, na hadithi za timu ya mjini kwetu mdomoni.

Timu ile ilikuwa inafungwa. Ilifungwa nyumbani, ikafungwa ugenini, na kadiri ilivyofungwa ndivyo baraza lilivyozidi kuipenda, kwa sababu timu inayoshinda haina mengi ya kubishaniwa. Hapo ndipo nilipolijua jambo la draft. Kila mwaka, msimu ukiisha, timu hukutana kugawana vijana wapya, na iliyofungwa sana ndiyo hutangulizwa kuchagua. Jirani alipomweleza bibi, bibi alicheka mpaka akakaa chini. "Kwa hiyo kwenu anayeshindwa ndiye anayepewa mnofu?"

"Ndiyo, mama. Ili na yeye ainuke."

"Basi huo ni mchezo wa watu wenye huruma," bibi akasema, na kuanzia siku hiyo akawa anauliza matokeo.

Ubishi ulikuwa na pande mbili. Dereva teksi alikuwa wa kuuza. Kwake yeye kila mchezaji aliyepita miaka thelathini alikuwa gari lenye maili nyingi: liuze kabla halijakufia barabarani. Jirani alikuwa wa kutunza. Alimpenda beki mmoja mzee wa timu, mtu mwenye pua iliyovunjika na meno ya mbele hayapo, aliyekaa hapo miaka yote bila kombe hata moja. "Yule amekaa nasi kwenye njaa," alisema. "Mchezaji mwaminifu hauzwi." Nami, nimekaa ngazi ya tatu na andazi langu, nilikuwa upande wa jirani kwa moyo wangu wote.

Na nilikuwa na sababu. Wazee wetu walikuwa na draft yao wenyewe, na mimi nilikuwa nimechaguliwa wa kwanza.

Sijui kama kuna baraza jingine duniani lililofanya hivi. Wazazi wengi pale walifanya kazi mbili, na watoto walitakiwa kupelekwa madrasa, maktaba, kwa daktari wa meno. Ikakubaliwa kwamba kila mwanaume mwenye gari atachukua mtoto mmoja asiye wake, amwangalie mwaka mzima. Mrundi ndiye aliyetia ucheshi: uchaguzi ufanyike siku ileile ya draft ya kweli, na aliyepatwa na mwaka mbaya kuliko wote atangulie kuchagua. Tukapangwa kwenye ngazi, tumeogeshwa, tumepakwa mafuta. Wanaume wakaanza kushindana kwa mikosi. Mmoja gari lilikuwa limekufa, mwingine alikuwa amepandishiwa kodi. Lakini nani angemshinda mtu aliyefutwa kazi na mke akamkatalia kuja? Jirani akasimama, akatupitia mmoja mmoja na macho yake ya taratibu, akasema, "Namchagua huyu. Huyu ana macho ya kuona mbali."

Huyu alikuwa mimi. Nilikuwa na miaka minane, sijawahi kuwa wa kwanza katika jambo lolote, na siku ile nililala na viatu.

Kila Jumamosi asubuhi alinipeleka kazini kwake, kabla milango haijafunguliwa kwa watu. Mlango wa uwanja ukifunguka, baridi ilikupiga puani na harufu ya raba na glavu mbichi. Alilipitisha lile limashine lake polepole, akaacha nyuma barafu inayong'aa, kisha akanifunga viatu vyenye visu, akavuta kamba mpaka kifundo kikauma. "Anguka kwanza," aliniambia siku ya kwanza. "Ukishaanguka, hofu imekwisha." Nikaanguka, nikaanguka tena, na kabla mwaka haujaisha nilikuwa nazunguka uwanja mzima bila kushika ukuta, gongo mkononi, nikikisukuma mbele yangu kile kisahani cheusi kinachopigwa badala ya mpira, kama mke mkorofi anavyofagia uchafu kwa jirani.

Bibi alinishonea kilemba kidogo cha kuvaa chini ya kofia ngumu. Alikata kanga yake ya zambarau, moja ya alizozipenda, akaipima kichwani mwangu mara tatu ili isinitoke nikiwa barafuni. Alisema mtoto asije akapata baridi ya masikio. Mimi niliona ni jezi. Nilipotoka uwanjani saa nne na lile joto la Texas likatuvamia, miwani ya jirani iliingia ukungu, naye aliendesha gari huku anaifuta kwa kilemba changu, tunajadiliana. Je, timu imchague kipa au mshambuliaji? Je, yule beki mzee ataachwa astaafu kwa heshima? Alinijibu kama mtu mzima. Aliniambia pia kwamba kuna timu ya wasichana pale uwanjani, na nikitimiza umri ataniandikisha. "Ukishafika hapo," alisema, "hata dereva teksi atanyamaza."

Misimu miwili ikapita hivyo, na kila siku ya uchaguzi ilipofika alinichagua tena mimi. Wa tatu ulipofika, timu ikamuuza yule beki mzee. Walimpeleka timu ya mbali, wao wakapewa haki ya kuchagua kijana mmoja zaidi mwaka unaofuata. Yaani walimtoa mtu wa kweli, mwenye pua iliyovunjika kwa ajili yao, wakachukua mtoto ambaye hata hajulikani ni nani. Jirani aliizima televisheni. Baraza zima likakaa linatazama dirisha jeusi. "Hawa hawana haya," alisema. Nikaapa naye kwamba hatutaangalia mechi wiki nzima, na tuliitimiza nadhiri ile, sisi wawili peke yetu, huku wenzetu wamehamia kwenye televisheni ya Mrundi huko juu.

Sasa sikiliza. Haukupita muda mrefu. Ilikuwa jioni, wote wako barazani, birika limezunguka. Jirani akasimama, akakohoa kidogo, akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake.

"Jamani, na mimi nime-decide. Na-rebuild."

Wakashangilia. Dereva teksi akasema tayari wameshaelewana. Dereva alikuwa na mtoto wa kiume wa Mrundi, ndiye aliyemchagua mwaka ule. Basi jirani atamchukua mtoto wa Mrundi, na dereva atanichukua mimi. Kisha dereva akainua mkono wake wa pili, ana pakiti ya kahawa. "Na hii juu yake! Maana najua nampa kijana bado mbichi!" Mrundi akapiga makofi, lakini nakumbuka hakunitazama. Wanaume walicheka, mmoja akaniambia, "Pole mchezaji, ndiyo biashara." Nilimtazama jirani nikingoja aseme ni mzaha. Alikuwa anasoma maandishi ya kwenye pakiti.

Nilipanda ngazi sijui vipi. Bibi alikuwa jikoni. Nilimwambia yote, kamasi na machozi pamoja, naye akanikalisha miguuni mwake, akanifuta uso kwa ncha ya kanga. "Kuuzwa? Wewe? Kwa kahawa?" akasema. "Mtu yule hana haya. Ndiyo maana wakubwa wakasema kikulacho ki nguoni mwako." Alimlaani jirani pamoja nami, neno kwa neno, mpaka nikapata nafuu kwa kusikia kuna mtu ana hasira kama zangu. Nilimwambia simtaki tena mtu yule, simwamkii maisha. Akasema, "Usimwamkie." Kisha akafungua kabati anitengenezee kahawa ya maziwa niliyoipenda, akalifunga. "Leo kahawa imekwisha," akasema. "Kunywa chai."

Dereva teksi alikuwa mtu mwema, simsemi vibaya. Alinipeleka madrasa na kunirudisha, na njiani alisikiliza taarifa za foleni. Jumamosi asubuhi nilikaa dirishani nikamwona mtoto wa Mrundi anarudi na pua nyekundu ya baridi na nywele zilizolowa, anaburuta gongo nililokuwa nikilishika mimi. Timu ya wasichana ilianza bila mimi. Jirani kila akinikuta ngazini aliniambia, "Hujambo, mchezaji," nami nilipita kama napita nguzo ya taa. Hakuna aliyenigombeza kwa kukosa adabu, na wakati ule sikuona kwamba hilo lilikuwa ajabu. Kwetu mtoto asiyemwamkia mtu mzima angepigwa kofi kabla hajamaliza kupita. Mwaka uliofuata tulihamia Houston, mtaa wa Sharpstown, baba alikopata kazi ya kudumu. Sijakanyaga barafu tena.

Basi ndiye huyo niliyemkuta nyuma ya ukumbi, kitambaa cheupe shingoni, miwani ileile ya ukungu. Nilikuwa nimejitanda kanga ya bibi, kwa sababu bibi alifariki miaka miwili iliyopita na harusini nilitaka niwe naye. Nilisogea mpaka kwenye kiti chake.

"Shikamoo," nikasema. "Mchezaji mwaminifu hauzwi, sivyo? Mimi uliniuza."

Alinitazama, akaitazama kanga, akanijua. Akawaambia wale vijana watupishe kidogo, wakaondoka na simu yao.

"Marahaba, mwanangu. Hukuambiwa mpaka leo?"

"Niambiwe nini?"

Akashusha pumzi. "Bibi yako alinijia mlangoni mchana, wewe uko shule. Akaniambia msichana anakua, wanawake msikitini wameanza kusema, basi sasa mwache. Mimi nikamwambia, sawa mama, mwambie mwenyewe. Akasema, mimi siwezi, mtoto ananipenda, atanichukia. Wewe muuze tu, si ndiyo michezo yenu."

"Na wewe ukakubali."

"Ningefanyaje? Yule alikuwa mama wa baraza zima. Tulijua sote. Nilidhani atakueleza ukishakua."

Nikamuuliza kuhusu kahawa. Sijui kwa nini, lakini katika yote hayo nilitaka kujua hilo.

"Kahawa ilikuwa yake," akasema. "Alimpa dereva yeye mwenyewe. Alisema bila nyongeza hutaamini kwamba ni biashara ya kweli."

Akanishika mkono, akaniomba radhi, akaniuliza kama bado naangalia timu. Nikamwambia hapana, jambo ambalo si kweli, na nikarudi garini bila mkoba wangu, ikabidi nirudi tena ukumbini kuuchukua. Kabla ya kushika barabara nilipita kwenye zile nyumba zetu. Zimepakwa rangi ya kijivu, chini ya ngazi pamewekwa kabati za vifurushi, na lango linafunguliwa kwa namba. Mrundi alihamia jimbo jingine zamani. Teksi zenyewe zimekwisha. Nilingoja nje ya lango mpaka ndege moja ikashuka, kisha nikaondoka.

Njia nzima nilimpunguzia jirani hukumu yake, mwaka mmoja mmoja, mpaka akabaki hana kosa kubwa zaidi ya kutii. Lakini hasira haikwisha, ilihama tu. Na wala simlaumu bibi kwa kuogopa midomo ya watu. Alikuwa mgeni katika nchi ya wenyewe, ana mjukuu mmoja wa kike. Angenikataza waziwazi, ningelia, ningemnunia, na leo ningekuwa nimesahau. Lakini alinishonea kilemba kwa mkono wake, kisha akanitoa barafuni kwa mkono huohuo, na nilipomkimbilia akanifuta machozi na kumlaani pamoja nami mtu asiye na hatia, huku anajua kabatini hakuna kahawa kwa sababu gani. Jioni ile nilikunywa chai yake nikamwambia, bibi, wewe peke yako ndiye huwezi kuniuza. Akaniambia, ninywe isije ikapoa.

Nimefika nyumbani tangu Jumapili. Kanga yake bado iko kwenye kiti cha nyuma cha gari, na sijaiingiza ndani.